Wagombea wanataja megawati, mimi nauliza bei ya yuniti: hesabu za mashine ya kusaga Ngaramtoni

Msagaji wa Ngaramtoni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kutoka Ngaramtoni, Arusha.

Tangu kampeni zianze mwishoni mwa Agosti 2025 nimekaa kimya. Nilitaka kwanza nisikie kila anayeomba urais anasema nini kuhusu kodi na umeme. Nimesikiliza redio nikiwa mashineni, nimesikiliza kwenye simu usiku, na magari ya matangazo yamepita hapa mlangoni mpaka watoto wamekariri nyimbo zake. Nimesikia megawati, viwanda, treni ya umeme, bwawa. Bei ya yuniti moja ya umeme sijaisikia, wala ni kiasi gani cha bei hiyo ni kodi. Tunapiga kura tarehe 29 Oktoba 2025 na hilo halijagusiwa masikioni mwangu.

Nina mashine ya kukoboa na ya kusaga, mota ya hosipawa 20, umeme wa fezi tatu. Naomba mnivumilie, nitaandika namba.

Chukua risiti ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, ya shilingi 10,000 ya mteja wa T1, yaani sisi wa kawaida. Unapata yuniti 28 na ushee. Isome vizuri kuanzia juu hadi chini. Umeme wenyewe ni shilingi 8,196.72. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 18 ni 1,475.41. REA (wakala wa umeme vijijini) asilimia 3 ni 245.90. EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1 ni 81.97. Yuniti kabla ya makato ni shilingi 292, ukishapakia makato inakuwa 356. Na kama mita yako ndiyo imebeba kodi ya jengo, kila mwezi inatoka 1,500 kabla hujapewa hata yuniti moja, kwa hiyo elfu kumi yako ya kwanza inakupa karibu yuniti 24.

Sasa njoo mashineni kwangu. Debe la mahindi, kukoboa na kusaga, linakula yuniti mbili hivi. Natoza 2,500. Siku ya kawaida napata debe 40, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni yuniti 2,080, sawa na shilingi 741,000 za umeme. Naingiza milioni 2.6, kwa hiyo zaidi ya robo ya ninachopokea mkononi inaishia kwenye mita kabla sijamlipa kijana wa mashine, pango, mkanda, nyundo na chekeche.

Ndani ya hiyo 741,000, VAT peke yake ni kama 109,000. Kwa mwaka ni milioni 1.3.

Jambo lililonifanya nifungue uzi huu ni hili. Mauzo yangu ya mwaka ni kama milioni 31. Kwa kiwango cha mfanyabiashara mdogo cha asilimia 3.5 ya mauzo, kodi yangu ya mapato ni kama milioni 1.09. Kodi inayopita kimya kimya kwenye mita ni kubwa kuliko ile ninayopanga foleni kuilipa na kutunza stakabadhi zake! Miaka yote naitwa mtu wa sekta isiyo rasmi asiyechangia pato la taifa. Mimi ni mlipakodi kila ninapobonyeza swichi.

Halafu kuna la pili. Kiwanda kikubwa kilichosajiliwa VAT, kinachouza bidhaa zinazotozwa VAT, kinaidai VAT ya umeme wake kwenye ritani na kinarudishiwa au kinapunguziwa. Ndivyo kodi hiyo ilivyoundwa, inasukumwa mbele mpaka imfikie mlaji. Mimi sijasajiliwa, kwa sababu usajili unaanza kwenye mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Kwa hiyo VAT yangu haisukumwi popote. Inakaa kwangu, au namwongezea mama aliyebeba debe lake kichwani. Na huyo mkubwa wa T2, daraja la watumiaji wakubwa, ananunua yuniti kwa 195 kabla ya makato. Najua analipia pia demand, yaani kile kilele cha umeme anachovuta, shilingi 15,004 kwa kila kVA kwa mwezi, sitaki kuificha hiyo. Lakini kodi ya umeme inamtoka, kwangu inabaki.

Naomba tujadili hili tu. Nani ana mpango gani na hiyo kodi, na akiitoa pengo atalizibaje.

---

Mwalimu Mstaafu, Pasua

Msagaji, nimezirudia hesabu zako kwa kalamu. Ziko sawa, na nakupongeza kwa kuandika kwa namba. Nilifundisha hesabu za biashara miaka 31, kwa hiyo niruhusu nikupinge.

Kwanza, hiyo shilingi 292 ni bei ya tangu 2016. Mwaka huohuo ndipo ilipofutwa ile 5,520 ya huduma tuliyokuwa tukikatwa kila mwezi. Tangu 2016 mkaa umepanda, mahindi yamepanda, nauli imepanda, na wewe mwenyewe bei yako ya kusaga umeipandisha. Yuniti imesimama palepale. Anayelalamika kuhusu umeme aanze kwa kusema hilo.

Pili, asilimia 3 ya REA usiiguse hata kwa mdomo. Nimezaliwa migombani, Kibosho, na nilikuwa nasahihisha madaftari kwa kibatari. Leo kaka yangu kule juu amevutiwa umeme kwa shilingi 27,000, wakati sisi wa mjini tangu Januari 2022 tunaunganishwa kwa 320,960. Hiyo tofauti imetoka kwenye risiti kama yako.

Tatu, na hapa ndipo nawakamata wagombea wote pamoja na wewe. Bajeti ya mwaka wa fedha 2025/26 ni shilingi trilioni 56.49. Makusanyo ya TRA, mamlaka ya mapato, ya mwaka uliopita yalikuwa trilioni 32 na kitu. Kilichobaki ni mapato mengine, mikopo na misaada. Sasa ukitoa VAT kwenye umeme, utaongeza wapi? Kwenye soda? Kwenye simu? Kodi ya kwenye mita ni rahisi kukusanya na haina upendeleo. Hakuna ofisa anayekuja dukani kukukadiria kwa kukuangalia usoni. Hakuna mazungumzo ya pembeni. Ukiiondoa, watakurudia kwa njia ile nyingine ambayo ndiyo iliyowafanya wafanyabiashara wagome na kufunga maduka ya Kariakoo Mei 2023 na tena Juni 2024.

---

Msagaji wa Ngaramtoni

Shikamoo Mwalimu. La REA nimelikubali bila kubishana. Mama yangu yuko Rombo, na siku taa ilipowaka mara ya kwanza alikaa sebuleni mpaka saa sita usiku kwa sababu hakutaka kuizima. Sitaki asilimia 3 iguswe.

La Kariakoo ni kweli, na mwaka jana mgomo ule haukuishia Dar, ulisambaa mikoani. Lakini Mwalimu, kwa sababu kodi ya mita ni rahisi kukusanya, basi imekuwa rahisi pia kutoijadili. Nani alituambia kwenye kampeni za 2020 kwamba kuna tozo ya miamala inakuja? Nilihudhuria mikutano, sikumsikia mtu. Julai 2021 ikaja, kutoka shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Ikapunguzwa Septemba, ikasogezwa mpaka benki 2022, ikapunguzwa tena, na kwenye kutuma ikafutwa 2023, tukabaki nayo kwenye kutoa. Miaka miwili tunapigishwa mwendo wa mbele na nyuma. Ingetajwa jukwaani kabla ya kura, tungeikataa au kuirekebisha kabla haijawa sheria.

Tuangalie na ng'ambo ya Namanga. Kenya walipiga kura Agosti 2022. Julai 2023 VAT ya mafuta ikapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Juni 2024 vijana wakaingia barabarani kwa ajili ya Muswada wa Fedha, watu wakafa, na Rais Ruto akaurudisha bila kuutia saini. Mahali pa kubishana kuhusu kodi ni sasa, wakati anayeitaka kura bado anatuhitaji.

---

Dereva wa Kifodi

Mimi naendesha kifodi, daladala ndogo, na sina maneno mengi. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanatangaza bei kikomo ya mafuta, na mafuta yetu ya Arusha na Moshi yanahesabiwa kutoka bandari ya Tanga. Nauli anapanga LATRA, mdhibiti wa usafiri. Mafuta yakipanda Jumatano, Alhamisi nauli ni ileile. Tofauti inatoka kwenye hesabu ya bosi au kwenye mfuko wangu, na bosi hapunguzi hesabu.

Julai 2023 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya miradi ya kimkakati. Nikinywesha lita 30 kwa siku hiyo ni 3,000 kila siku. Ni chakula cha mchana cha mimi na konda. Sikatai reli ya SGR wala bwawa la umeme la Nyerere, nimeyaona yamejengwa. Nauliza, ile 100 ina tarehe ya mwisho? Bwawa limekamilika. Mwenye kujibu hilo jukwaani nitampa sikio.

---

Kijana wa Njiro

Mzee Msagaji umezunguka sana kwenye kodi umeacha kubwa. Tumejenga bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla 2,115. Trilioni sita na nusu. Limekamilika mwaka huu wa 2025. Nchi ina uwezo wa zaidi ya megawati 4,000, na matumizi yetu ya juu kabisa ni kama nusu ya hapo. Halafu Machi Rais anakuja Kilimanjaro anatuambia kanda ya kaskazini tutanunua umeme kutoka Ethiopia kupitia Kenya. Mimi hilo limenishinda. Nani anaongea habari hiyo kwenye kampeni?

---

Msagaji wa Ngaramtoni

Kijana wangu, nilikuwa na hasira kama yako ile Machi, mpaka nilipokaa na fundi mmoja anayejua njia za umeme. Acha nieleze nilichoelewa.

Umeme wetu unatoka mbali. Rufiji iko kusini, gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay iko kusini. Sisi tuko mwisho wa waya. Umeme ukisafiri mbali, sehemu yake inageuka joto njiani, na msongo unashuka. Wenye mota wanajua maana yake bila kufundishwa. Jioni saa moja, watu wote wamewasha, taa inakuwa nyekundu, na mota inavuma badala ya kuzunguka. Mwaka juzi fezi moja ilipotea katikati ya kusaga. Kijana wa mashine alikuwa nje anapokea mahindi. Nilipofika ndani nilikutana na ile harufu ya vanishi inayoungua, na moshi mwembamba unatoka kwenye matundu ya mota. Nikaipeleka kwa fundi wa kusuka mota, siku nne, na siku hizo nne wateja wangu wote walikwenda kwa jirani. Wengine hawajarudi hadi leo.

Sasa kuna njia mpya ya kilovoti 400 kutoka Isinya, Kenya, kuja Namanga, kupita hapa kwetu kituo cha Lemugur, mpaka Singida. Waya huo unaweza kuleta umeme na unaweza kupeleka. Ethiopia wana mabwawa, na umbali kwa upande wetu unaokolewa. Kama yuniti inafika Lemugur kwa bei ndogo kuliko kuisafirisha kutoka Rufiji, na msongo unatulia, mimi kama mwenye mota nanunua. Mahindi yenyewe Kenya wananunua kwetu wakati hawana, sijasikia mtu akiita hiyo aibu.

Ninachotaka ni bei. Tunanunua yuniti kwa shilingi ngapi, kwa mkataba wa miaka mingapi, kwa fedha gani? Ikiwa ni dola, nani anabeba shilingi ikishuka? Tupewe bei hiyo na bei ya yuniti ya Rufiji ikishafika vituo vya umeme vya Njiro au Kiyungi, tuzilinganishe. Hapo ndipo utajua kama ni biashara nzuri au mbaya.

Na tusisahau mgao wa mwisho wa 2023 mpaka mwanzoni mwa 2024. Nilisaga kwa injini ya dizeli ya kukodi. Bwawa lilipowasha mtambo wa kwanza Februari 2024 tulianza kupumua. Mimi siwezi kulibeza bwawa.

---

Kijana wa Njiro

Nimekuelewa kuhusu Lemugur. Lakini sasa hayo maswali unamuuliza nani mzee wangu? Chadema, chama kikuu cha upinzani, haimo kwenye karatasi ya kura, tangu Aprili ilipokataa kusaini kanuni za maadili za uchaguzi. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, yuko mahabusu kwa kesi ya uhaini. Mjadala wa sera unahitaji watu wa kujadiliana.

---

Msagaji wa Ngaramtoni

Ni kweli, na inaniuma zaidi ya ninavyoweza kuandika. Mgombea hupiga hesabu zake vizuri akijua kesho kuna mwenzake atasimama uwanja uleule azichambue. Asipokuwepo mtu wa kuzichambua, ahadi haihitaji kuwa na bei. Ndiyo maana uzi huu nimeuandika hivi, sisi wenyewe tukamate kalamu. Simpigii debe mtu. Maswali yangu ni ya yeyote atakayeapishwa, na ya mbunge atakayetoka hapa Arumeru, kwa sababu viwango vya kodi vinapitishwa na Bunge kila Juni.

---

Mwalimu Mstaafu, Pasua

Tukiendelea hivyo, leteni pendekezo, si malalamiko. Kuna Tume ya Rais ya Maboresho ya Kodi iliyozinduliwa Oktoba 2024 chini ya Balozi Ombeni Sefue. Mgombea aulizwe, tume hiyo imeona nini kuhusu kodi iliyo ndani ya umeme wa mzalishaji mdogo, na yeye anakubaliana nayo?

---

Msagaji wa Ngaramtoni

Pendekezo langu nimelibadilisha baada ya kukusoma Mwalimu. Nilianza nikitaka VAT iondolewe kwenye umeme. Nimeona kwamba ukiiondoa kwa wote, faida kubwa inakwenda kwa mwenye viyoyozi sita Njiro, na serikali itarudi kunitafuta kwa njia nyingine.

Sasa nasema hivi. Mita yangu ina namba, na mimi nina TIN, namba ya mlipakodi. Ziunganishwe. VAT niliyolipa kwenye LUKU kwa mwaka ihesabiwe kwenye kodi yangu ya mapato. Si lazima yote, hata nusu. Nikifika kulipa ile milioni 1.09, mfumo uonyeshe kwamba 650,000 nimeshalipa kupitia mita. Serikali itapata kitu kwangu, maana kila fundi, kila mwenye saluni, kila mwenye mashine atakimbilia kuandikisha TIN yake bila kufukuzwa.

---

Mwalimu Mstaafu, Pasua

Hilo naweza kulitetea mbele ya darasa. Tatizo ni mita ya nyumbani inayotumika pia kwa biashara, na wapangaji wanaochangia mita moja. Utatenganisha vipi?

---

Mama Kiborloni

Samahanini baba zangu na kaka zangu, mimi naingia kwa sababu Mwalimu ametaja kuchangia mita. Nauza chakula hapa Kiborloni. Sijui habari za VAT, lakini mita naijua.

Nyumba tunayokaa tuko watatu kwenye mita moja, mimi na wapangaji wenzangu wawili. Tuko kwenye D1, ile ya bei nafuu, yuniti inatoka 122. Masharti yake ni kwamba msizidishe yuniti 75 kwa mwezi. Mkizidisha, zile za juu zinapigwa bei kubwa, na mkiendelea hivyo mnahamishiwa huko kwenye 356 ya Msagaji, kwa yuniti zote, kuanzia ile ya kwanza. Sisi kwa mwezi tunatumia 68. Tunachanga 8,300.

Mwaka jana nilipewa na dada yangu sufuria ya presha ya umeme. Redioni kila siku tunaambiwa tuache mkaa, nishati safi ya kupikia, kwamba ikifika 2034 kaya 80 katika kila 100 ziwe zimeacha kuni na mkaa. Nilikuwa nimeifungia kabatini kwa kuogopa hizo 75. Juzi baada ya kuusoma uzi huu nikaamua kupima. Nikazima friji na kila kitu, nikaangalia mita, imebaki 31.6. Nikaweka maharage kilo moja na nusu, niliyaloweka usiku. Yalipoiva nikaangalia tena, 31.2.

Yuniti sifuri nukta nne kwa maharage ya siku nzima. Mkaa wa maharage hayohayo ni 1,500, na ninakaa na moshi wa kuwashia tangu saa kumi na moja alfajiri.

Sasa mniambie nifanye nini. Nikipika kila siku ya kazi, siku 26, ni yuniti kumi. 68 na kumi ni 78. Nimevuka kwa yuniti tatu tu.

---

Msagaji wa Ngaramtoni

Mama, umeandika kitu ambacho sijakisikia kwa mgombea yeyote wala kwa mtaalamu yeyote redioni. Mkiendelea hivyo kila mwezi, yuniti tatu zinawatoa kwenye shilingi 8,300 zinawapeleka kwenye 27,800. Bei inaruka karibu mara tatu kwa sababu ya maharage.

Huku serikali inasema pikeni kwa umeme, huku bei ya serikali hiyohiyo inasema mkithubutu mtakoma. Na umeme tunao wa ziada, Kijana wa Njiro ametuonyesha, megawati 4,000 na tunatumia nusu. Mitambo ipo, maji yapo, halafu mama wa Kiborloni anafungia sufuria kabatini.

---

Mwalimu Mstaafu, Pasua

Dada yangu, tulia kidogo, tupige hesabu kabla hujairudisha kabatini. Mkaa wa 1,500 mara siku 26 ni 39,000. Mkihamishiwa T1, bili inaongezeka kutoka 8,300 hadi 27,800, ongezeko ni 19,500. Hata ukiadhibiwa na hiyo bei yote, bado unaokoa 19,500 kwa mwezi. Umeme unaushinda mkaa.

---

Mama Kiborloni

Shikamoo Mwalimu. Hesabu hiyo ni sawa kama mita ingekuwa yangu peke yangu. Wenzangu wawili hawapiki maharage. Mmoja ni kijana wa bodaboda ana taa moja na chaja ya simu. Nikivusha mita, yuniti zake na zenyewe zinapanda mara tatu. Mimi naokoa mkaa, yeye analipia sufuria yangu. Siwezi kumfanyia hivyo mtoto wa mwenzangu.

---

Dereva wa Kifodi

Mama, hapo umeongea utu. Na mita ya pili mkiomba mjini ni ile 320,960.

---

Msagaji wa Ngaramtoni

Wakuu, naandika upya swali langu baada ya Mama Kiborloni. Nilikuwa nimebeba la mashine peke yake. Mgombea ubunge mmoja anakuja hapa sokoni Ngaramtoni Jumapili, na wamesema watapokea maswali kwa maandishi. Nimeandika mawili.

La kwanza, kwa nini VAT ninayolipa kwenye mita isihesabiwe kwenye kodi yangu ya mapato, wakati mwenye kiwanda anarudishiwa ya kwake?

La pili, kwa nini bei ya yuniti iruke kutoka 122 hadi 356 bila ngazi ya katikati? Kuwe na ngazi kati ya 75 na 150, kwa bei inayomwezesha mtu kupika. Na mita yenye kaya tatu ihesabiwe kama kaya tatu.

Mwalimu, naomba uniangalizie hilo la pili kama limekaa sawa. Na Kijana wa Njiro, lile la bei ya umeme wa Ethiopia liandike wewe, una maneno mafupi kuliko mimi. Nitalipeleka na yangu.

---

Mwalimu Mstaafu, Pasua

Limekaa sawa. Ongeza "na gharama ya ngazi hiyo italipwa kutoka wapi", vinginevyo atakujibu kwa ndiyo na ataondoka.

---

Mama Kiborloni

Naleta mrejesho. Jana usiku tumekaa watatu uani. Nimewasomea hesabu ya Mwalimu. Kijana wa bodaboda akasema, mama, sisi tuendelee kuchanga ileile ya zamani, na kitakachozidi ukibebe wewe maana mkaa umekuachia. Tumeandika kwenye daftari, kila mmoja ameweka saini. Naanza Jumatatu. Wakituhamishia T1 nitakuja kuwaambia hapahapa, na nitaandika mita ilisoma ngapi.